Gari la Otomatiki Linapokwama Gia: Kutafuta Hitilafu za Umeme Kabla ya Kushusha Giaboksi

Katika gereji nyingi za Kampala, gari la otomatiki linalokataa kubadili gia huhukumiwa mapema: giaboksi imekufa, ishushwe, na mwenye gari aende Kisekka au Ndeeba kutafuta nyingine ya mtumba. Wakati mwingine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini giaboksi ya kisasa haijiamulii yenyewe. Kompyuta hupokea habari kutoka kwenye sensa za mwendo, nafasi ya mkono wa gia, kiasi ambacho dereva amekanyaga mafuta, swichi ya breki na joto la oili, kisha huamuru solenoidi, ambazo ni vali ndogo za umeme, zifungue au zifunge njia za oili. Waya mmoja ukikatika katika mnyororo huo, gari litaonyesha dalili zilezile za giaboksi iliyokwisha, ilhali chuma chote kilicho ndani ni kizima. Mimi hufanya kazi ya umeme wa magari, na kinachoniuma zaidi ni kuona giaboksi nzuri imefunguliwa bure, kwa sababu ikishafunguliwa na mtu asiye na vifaa vyake, mara chache hurudi ilivyokuwa.

Tukumbuke pia umri wa magari tunayoendesha. Sheria ya usalama barabarani ilivyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe, lakini gari la miaka 12 likishuka bandarini Mombasa linakuja na nyaya za miaka 12, plagi ambazo plastiki yake imekauka, na viunganishi vilivyopitia baridi na joto kwa muda wote huo. Ndiyo maana utafutaji wa hitilafu unafaa kuanzia kwenye umeme.

Vifaa na tahadhari za mwanzo

Unahitaji maltimita ya dijitali, tochi, karatasi ya kuandikia na, ikiwezekana, mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Usitumie taa ya kupimia yenye balbu kwenye nyaya za kompyuta au sensa, kwa kuwa balbu hiyo huvuta umeme mwingi kuliko saketi hizo zinavyoweza kuhimili na inaweza kuunguza kompyuta ambayo mpaka wakati huo haikuwa na kosa.

Weka mkono wa gia kwenye P, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu kwa mawe au magogo kabla ya kupima chochote injini ikiwa inawaka. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, tumia stendi. Kama gari ni la haibridi, usiguse nyaya zenye ganda la rangi ya machungwa, kwani hubeba umeme wa volti mia kadhaa unaoweza kuua, na kazi yoyote inayokaribiana nazo ni ya fundi aliyefunzwa magari hayo. Nyaya zenye ganda la njano, kwenye magari mengi, ni za mifuko ya hewa, nazo pia ziache.

Dalili ya kwanza: gari limekwama kwenye gia moja na ni zito kuondoka

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi. Gari linaondoka kwa uzito kana kwamba linavuta mzigo, halibadilishi gia hata likifika mwendo wa kilomita 60, na injini inanguruma bila kituo. Tafsiri yake mara nyingi ni kwamba kompyuta imegundua kosa na kuingia katika hali ya kujilinda: inakata umeme wa solenoidi, na giaboksi inabaki kwenye gia moja iliyopangwa na mtengenezaji, ambayo kwa magari mengi ni ya 3. Gari limeachiwa njia ya kukufikisha nyumbani au gereji, si ya kuendelea na safari ya Kampala hadi Mbarara.

Anza kwa jambo rahisi. Zima injini, subiri dakika moja, washa tena, kisha uangalie ni lini hasa tatizo linarudi. Kama gari linakwama papo hapo unapofungua swichi ya ufunguo, kabla halijasogea, shuku saketi ya solenoidi au umeme unaoingia kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta hupima saketi hizo gari likiwa bado limesimama. Kama gia zinafanya kazi vizuri halafu zinapotea baada ya kufikia mwendo fulani, shuku sensa za mwendo, au kuteleza kwa klachi ndani ya giaboksi. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi moja, na nimeona kikiokoa siku nzima ya kazi.

Baada ya hapo, nenda kwenye betri. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa chache, husoma takribani volti 12.6, ikisoma chini ya 12.2 inahitaji kuchajiwa na kuchunguzwa. Wakati stata inazungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikiwaka, altaneta itoe kati ya volti 13.5 na 14.5 kwenye magari mengi ya kawaida. Kisha geuza maltimita kwenye kipimo cha umeme wa mawimbi (AC), washa taa kubwa na feni, na upime tena palepale kwenye betri: ukiona zaidi ya takribani nusu volti, daiodi za altaneta zina kasoro, na umeme huo mchafu unaweza kuichanganya kompyuta katika kusoma ishara za sensa za mwendo.

Hapa naomba msomaji anivumilie nieleze kisa kimoja. Dereva wa Noah alikuja kutoka upande wa Mbale, gari limekwama gia ya 3 kwa wiki mbili. Akaniambia, “Mzee, wenzako wamesema giaboksi imekwisha, nimeshaanza kuchanga pesa.” Nilifungua boneti. Vichwa vya betri za Kijapani za umbo dogo ni vyembamba, na ile iliyonunuliwa badala yake ilikuwa ya vichwa vyembamba pia, lakini kibano cha waya kilikuwa kimebadilishwa zamani kikawekwa kikubwa. Ili kijae, mtu alikata kipande cha kopo la soda na kukizungushia kichwa cha betri. Kopo lilikuwa limeliwa na asidi, limegeuka unga mweupe wenye ukijani, na kibano kilizunguka kwa kidole. Gari likipita kwenye matuta, umeme wa kompyuta ulikatika kwa nukta ya sekunde, injini ikavumilia, kompyuta ya gia haikuvumilia. Tuliosha vichwa kwa maji ya moto na magadi, tukaweka kibano cha saizi yake, tukafuta namba za hitilafu, na gari likarudi Mbale na giaboksi yake ileile.

Betri ikiwa sawa, pima waya wa ardhi. Injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, gusa ncha moja ya maltimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha giaboksi. Kipimo kisizidi volti 0.2. Kikizidi, waya unaotoka betri kwenda bodini au ule wa bodini kwenda giaboksi umelegea, umeoza au uliachwa nje wakati injini iliposhushwa. Hilo la mwisho hutokea sana baada ya kubadilisha klachi, injini au vishikizo vya giaboksi, na anayerudisha gari hana habari kwamba bolti moja ilibaki sakafuni.

Fyuzi zifuate. Usitosheke kuziangalia kwa macho. Pima umeme pande zote mbili za kila fyuzi swichi ikiwa imefunguliwa.

Sasa ingia kwenye plagi ya giaboksi yenyewe, ile inayopeleka nyaya kwa solenoidi. Ifungue swichi ikiwa imezimwa. Tazama kwa tochi: pini zinatakiwa ziwe na rangi ya shaba inayong'aa au ya fedha, zilizonyooka, kavu. Ukiona ukijani, maji, au tope jekundu lililokauka, umekaribia jibu. Safisha kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, kausha, na uhakikishe mpira wa kuzuia maji upo. Sehemu tunazooshea magari hupiga maji ya presha moja kwa moja kwenye injini, na maji hayo huingia palepale. Kwenye Mercedes-Benz zenye giaboksi ya 722.6 tatizo hugeuka upande wa pili: mpira wa plagi ukichoka, oili hupanda ndani ya nyaya mpaka kufika kwenye kompyuta, kwa hiyo ukikuta oili katika plagi ya kompyuta usiipanguse tu ukaondoka.

Fuatisha nyaya kwa mkono kutoka kwenye plagi hadi mahali zinapopotea chini ya dashibodi, ukitafuta pale zilipoguswa na bomba la moshi, zilipokwaruzwa na chuma au zilipotafunwa na panya. Chunguza kwa makini zaidi mahali palipofungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari, kwa kuwa wanaofunga vifaa hivyo mara nyingi hukata waya wa swichi na kuusokota kwa mkono, kisha kuufunika kwa tepu ambayo joto la mchana huiyeyusha gundi.

Hapo tu ndipo tunafika kwenye solenoidi na sensa. Kwenye giaboksi nyingi za Toyota za gia 4, solenoidi za kubadili gia, zile za kufungua na kufunga, husoma kati ya ohmu 11 na 15 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiwa baridi. Ile ya kudhibiti presha husoma takribani ohmu 5 hadi 5.6, na sensa ya mwendo wa shafti ya kuingilia husoma kati ya ohmu 560 na 680. Gari lako likiwa la kampuni nyingine, tafuta vipimo vyake kabla ya kulaumu kifaa. Maltimita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, koili au waya umekatika. Ikionyesha karibu sifuri, koili imeungana yenyewe kwa yenyewe, na usiwashe gari ukiwa umeunganisha solenoidi ya namna hiyo, kwani inaweza kuiua kompyuta. Sensa ya mwendo ichomolewe na kutazamwa ncha yake ya sumaku: unga laini mweusi ni kawaida na hupanguswa, lakini vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari ya ndani ya giaboksi.

*Simama hapa na uite mtaalamu* kama oili ya giaboksi inanuka kuungua, ina vipande vya chuma, au imekuwa kama maziwa ya rangi ya waridi. Rangi hiyo ya mwisho maana yake ni kwamba maji ya rejeta yameingia kwenye oili, na kila kilomita unayoendesha inaongeza uharibifu.

Dalili ya pili: taa ya onyo inamulika kwenye dashibodi

Tofautisha kwanza taa inayowaka tuli na ile inayomulika. Kwenye Toyota za zamani, taa ya O/D OFF ikiwaka tuli maana yake ni kwamba kitufe cha kuzuia gia ya juu kimebonyezwa, na gari halitaingia gia ya 4 mpaka kibonyezwe tena. Nimewahi kupokea gari lililozunguka gereji tatu kwa ajili ya kitufe hicho. Taa hiyohiyo ikimulika, kompyuta imehifadhi namba ya hitilafu. Kwenye Subaru, angalia taa ya AT OIL TEMP: ikimulika mara tu baada ya kuwasha injini, kuna kosa katika mfumo wa umeme wa giaboksi, ikiwaka tuli ukiwa unapanda mlima, oili imepata joto kupita kiasi, na unatakiwa usimame pembeni injini ikiendelea kuzunguka bila mzigo mpaka taa hiyo izimike.

Toyota za miaka ya 1990 zenye soketi ya uchunguzi ndani ya boneti hutoa namba bila mashine. Kitufe cha O/D kikiwa kimeruhusu gia ya juu, swichi imefunguliwa na injini imezimwa, unaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa waya mfupi, kisha unahesabu mimuliko. Namba 42 na 61 huelekeza kwenye sensa za mwendo, 62 na 63 kwenye solenoidi za kubadili gia, na 64 kwenye solenoidi ya kufunga torki konvata, yaani kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili. Soma maandishi ya kifuniko mara mbili kabla ya kuunganisha, kwa kuwa tundu lisilo lake linaweza kuharibu kompyuta.

Magari ya baadaye yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Mashine ndogo za bei nafuu husoma vizuri magari ya Ulaya na Marekani, lakini magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huzungumza na mashine inayojua lugha ya mtengenezaji wake tu. Kwa hiyo fundi akikwambia “mashine haioni kosa,” muulize kama mashine hiyo imeingia katika kompyuta ya gia au imesoma ya injini peke yake. Haya ni maswali mawili tofauti kabisa.

Namba zenyewe zisomwe kwa akili. P0700 haisemi kilichoharibika. Inasema tu kwamba kompyuta ya gia ina neno, kaiulize. P0705 ni saketi ya swichi ya nafasi ya mkono wa gia, P0715 ni sensa ya mwendo wa shafti ya kuingilia, P0720 ni ya kutokea, P0753 ni umeme wa solenoidi ya kwanza, na U0101 maana yake ni kwamba kompyuta nyingine zimepoteza mawasiliano na kompyuta ya gia. Namba kama P0730, ya uwiano wa gia usio sahihi, au P0741, ya torki konvata kutojifunga, ni za aina nyingine: zinaeleza kwamba kompyuta iliamuru jambo na gari halikutii, na sababu inaweza kuwa oili pungufu, oili isiyo yake, vali iliyokwama au klachi zilizochakaa. Namba ya sensa vilevile si kibali cha kununua sensa. Ni saketi nzima inayolalamikiwa, yaani sensa, plagi, nyaya na kompyuta, na mara nyingi mwenye kosa ni plagi au nyaya.

Andika namba zote kabla ya kuzifuta. Zikifutwa bila kuandikwa, fundi anayefuata anaanza gizani.

Dalili ya tatu: gari haliwaki kwenye P, ila kwenye N, au gia ya nyuma haina taa

Mshukiwa wa kwanza ni swichi ya nafasi ya mkono wa gia, iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Swichi hiyo huizuia stata isizunguke gia ikiwa imeingia, huwasha taa za kurudi nyuma, na huiambia kompyuta dereva amechagua nini. Shika breki kwa nguvu, sogeza mkono wa gia taratibu kati ya P na N huku mwenzako akizungusha ufunguo. Kama stata inazunguka mkono ukiwa umesukumwa kidogo tu pembeni mwa P, swichi imesogea kwenye bolti zake au kebo ya mkono imevutika, na marekebisho yanatosha. Kama hakuna mabadiliko, fungua plagi ya swichi uangalie maji na kutu.

*Onyo:* usikubali swichi hii irukwe kwa waya ili gari liwake popote. Gari likiwashwa mkono ukiwa kwenye D au R linaondoka lenyewe, na anayesimama mbele yake anaweza kuwa mtoto wako.

Dalili ya nne: mkono wa gia hautoki kwenye P

Mwombe mtu aangalie taa za breki unapokanyaga. Zisipowaka, umepata jibu: fyuzi ya taa za breki imeungua, au swichi iliyo juu ya pedali imekufa, na kufuli ya mkono wa gia haijui kwamba umekanyaga breki. Fyuzi ikiungua tena, tafuta waya uliounganishwa kwa ajili ya taa za ziada au trela. Kwa dharura, magari mengi yana kitufe au kijishimo chenye kifuniko karibu na mkono wa gia. Bonyeza kwa bisibisi nyembamba breki ya mkono ikiwa imevutwa. Swichi hiyohiyo ya breki ikikwama upande wa kuwaka, torki konvata haitajifunga kamwe, na dereva ataona mafuta yanaisha haraka kwenye barabara ndefu bila kujua kwa nini.

Dalili ya tano: gia zinaingia kwa kishindo, au zinachelewa

Kabla ya umeme, pima oili, na uipime kwa njia ya gari lako. Kwa Toyota nyingi zenye kijiti, oili hupimwa ikiwa moto, injini inawaka, baada ya kupitisha mkono kwenye gia zote na kurudi P. Kwa Honda nyingi hupimwa injini imezimwa muda mfupi baada ya safari. Aina ya oili ni muhimu kama kiasi chake. Giaboksi iliyoandikiwa Toyota WS isijazwe T-IV kwa sababu tu ndiyo iliyopo dukani, na giaboksi ya CVT, ile inayobadili uwiano bila gia za hatua, isiwekwe oili ya otomatiki ya kawaida hata lita moja.

Oili ikiwa sawa, sababu ya kawaida ya umeme ni kompyuta kudanganywa juu ya mafuta yanayokanyagwa. Sensa ya mkao wa throto hupewa volti 5 na kurudisha ishara. Kwenye Toyota nyingi ishara hiyo ni chini ya volti 1 mguu ukiwa juu na hupanda hadi volti 3.2 au zaidi pedali ikiwa chini kabisa. Kanyaga polepole sana ukitazama maltimita: namba ipande bila kuruka. Mruko mmoja katikati unatosha kuifanya kompyuta iongeze presha ghafla, na wewe ukasikia kishindo.

Sababu inayosahaulika ni themostati, vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Mafundi wengi huku kwetu huing'oa wakidhani wanaisaidia injini isichemke. Lakini kompyuta nyingi huzuia gia ya juu na kufungwa kwa torki konvata mpaka maji ya injini yapate joto la kutosha, na injini isiyo na themostati, asubuhi ya Kabale kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000, inaweza kufika mbali bila kupata joto hilo. Gari linaonekana bovu kwa sababu limenyimwa kifaa kidogo. Rudisha themostati kwanza, ndipo upime tena.

Kama betri iliondolewa au kompyuta ilifutwa hivi karibuni, vishindo vya siku za mwanzo vinaweza kuwa vya kompyuta inayojifunza upya. Endesha kwa utulivu kwa siku chache, ukiondoka na kusimama kwa kawaida, kabla ya kuamua.

*Simama* kama injini inapanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo. Huko ni kuteleza kwa klachi. Kuendelea kukanyaga kunaziunguza.

Dalili ya sita: tatizo huja na joto au mvua

Dalili hii huwachosha watu kwa sababu gari likifika gereji limepona. Likikwama baada ya kupanda milima ya Kisoro au saa moja ya foleni, na likapona likipoa, koili ya solenoidi huenda inakatika ikipata joto. Kipimo cha ohmu kilichofanywa asubuhi hakitaonyesha chochote. Pima giaboksi ikiwa moto, palepale tatizo linapotokea, kwenye plagi iliyo upande wa kompyuta ili usiungue mikono. Sensa ya joto la oili pia ichunguzwe: ohmu zake zishuke kwa utaratibu kadiri joto linavyopanda.

Likikwama baada ya mvua, au baada ya kupita maji ya mafuriko ya Bwaise, rudi kwenye plagi za giaboksi, kisha inua kapeti la mbele la abiria. Kwenye magari kadhaa kompyuta imefungwa upande huo, na bomba la kutolea maji ya kiyoyozi likiziba, maji humwagikia ndani kimyakimya. Kapeti likiwa limelowa, tenganisha betri kabla ya kugusa chochote.

Dalili ya saba: injini huzimika gari linaposimama, au Subaru hushika kwenye kona

Injini inayozimika kila unaposimama gia ikiwa D, lakini inayotulia ukiwa N, inaashiria torki konvata inayobaki imefungwa. Chomoa plagi ya solenoidi ya kuifunga. Tatizo likiisha, umeme ndio unaoishikilia, na lisipoisha, vali imekwama ndani.

Kwa Subaru yenye giaboksi ya gia 4, gari likisitasita na kugugumia unapokata kona kali, linganisha kwanza saizi na uchakavu wa matairi yote manne. Kisha weka fyuzi kwenye kishikio kilichoandikwa FWD ndani ya boneti, taa ya FWD iwake, na ujaribu kona ileile polepole. Kushika kukiisha, solenoidi ya magurudumu ya nyuma inatii. Kukiendelea, solenoidi hiyo au klachi yake ina kasoro. Ondoa fyuzi baada ya jaribio.

Kompyuta yenyewe, na wakati wa kuvutwa

Kompyuta huharibika, ila ihukumiwe mwisho, baada ya umeme wake, ardhi yake na kila solenoidi kuthibitishwa. Chanzo kimoja kinachozuilika ni uchomeleaji: ukipeleka gari kuchomelewa bampa au keria, tenganisha betri na uhakikishe kibano cha ardhi cha mashine kimewekwa karibu na mahali panapochomelewa. Kompyuta ya mtumba lazima ilingane namba na ya kwako, si umbo la plagi tu, na nyingi za kisasa zinahitaji kuandikwa upya na mtaalamu. Hali ni hiyohiyo kwa giaboksi ya mtumba: ikitoka kwenye gari la mwaka tofauti, solenoidi zake huenda hazipatani na kompyuta uliyonayo, na utakuwa umenunua tatizo jipya.

Gari likikataa kabisa njiani, tuseme katikati ya msitu wa Mabira, usikubali livutwe kwa kamba hadi Kampala magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, vyuma vya ndani vinazunguka bila kulainishwa. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili linyanyuliwe upande unaoendesha, na linaloendeshwa na yote manne libebwe lote juu ya lori. Unapolikabidhi kwa fundi, mpe karatasi yako: namba za hitilafu, volti ulizopima, gari lilikuwa moto au baridi, lilikwama kabla ya kusogea au baada ya mwendo gani, na kazi ya mwisho iliyofanywa kwenye gari kabla ya tatizo kuanza.